Krismasi Nilipomwigiza Karani Mkuu

Nilipopata kazi ya ukarani Mbeya nilikuwa na miaka ishirini na miwili, koti moja, na imani kubwa juu ya nafsi yangu. Koti nililipata kwenye mnada wa vitu vya mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Mikono yake ilinifika katikati ya vidole, lakini sikuona kama hilo ni kosa la koti. Imani nilitoka nayo nyumbani Tukuyu, kwenye shule ya misheni, ambako kila Krismasi nilipewa sehemu ya malaika kwa kuwa sauti yangu ilisikika mpaka bwenini.

Kazi yenyewe ilikuwa katika kampuni ya mabasi na malori. Mabasi yalikwenda Iringa na kurudi, malori yalipanda Chunya hadi Makongolosi kwa wachimba dhahabu. Tajiri wetu alikuwa Mhindi aliyezaliwa Iringa, akisema Kihehe vizuri kuliko Kiswahili, na watu wa Iringa walimsalimu “Kamwene” kama mjomba wao. Ofisi kubwa ilikuwa huko kwake. Sisi wa Mbeya tuliitwa tawi, na neno hilo hatukulipenda.

Aliyetutawala Mbeya alikuwa Karani Mkuu. Asili yake Pangani, lakini alikuwa amepanda nyanda za juu tangu kabla ya vita vya Hitla, akazeekea kwetu. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na kofia ya kiua kichwani ambayo sikuwahi kuiona ikikaa upande. Kuanzia Mei mpaka Agosti alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na ukimuuliza habari za baridi ya Mbeya alikujibu kwamba hakuna baridi Mbeya, kuna upepo tu.

Mambo mawili aliyashika kwa nguvu zote: utaratibu wa kazi, na ngeli za Kiswahili. Karatasi isiyokuwa na muhuri haikuwa karatasi. Na mtu aliyesema “gari yangu” hakuondoka dirishani kwake mpaka aseme “gari langu.” Sisi wote tulikuwa watu wa bara, Kiswahili tumekikuta shuleni na sokoni, kwa hiyo siku zetu zilikuwa ndefu. Namkumbuka mama mmoja wa Chimala aliyefika dirishani amekumbatia jogoo.

“Nataka nafasi ya mimi na kuku yangu,” alisema.

“Kuku wangu,” alimsahihisha Karani Mkuu.

Yule mama alirudi nyuma hatua mbili. “Wako? Wako kivipi? Huyu nimemfuga mwenyewe tangu yai!”

“Sikusema wangu mimi, mama. Nasema useme: kuku wangu.”

“Sisemi! Ni yangu!”

Walimshindania jogoo yule mpaka basi likaondoka. Karani Mkuu alimwandikia yule mama nafasi ya kesho yake, akamtafutia pa kulala kwa jirani, na hakuona hata kidogo kwamba kuna jambo la kuchekesha limetokea.

Mambo ya kuchekesha niliyaona mimi. Nilikaa meza ya pembeni na mashine ya chapa, na kila siku niliyahifadhi kichwani. Ndiyo maana ilipotokea haja ya mchezo, mchezo ulikuwa tayari.

Haja ilitokea hivi. Tajiri alikuwa na desturi ya kuwakusanya wafanyakazi wote siku ya pili ya Krismasi, mwaka mmoja Mbeya, mwaka mwingine Iringa, wakala ng'ombe pamoja. Mwaka uliotangulia watu wa Iringa walikuja kwetu na kwaya. Waliimba kwa sauti nne, wamevaa mashati meupe, na walipomaliza tajiri alifuta macho. Kisha aligeuka akauliza, “Na Mbeya?” Mbeya hatukuwa na kitu. Fundi wetu mkuu alisimama akapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, ubeti mmoja, akaketi.

Kwa hiyo mwaka huu, ambapo zamu ilikuwa ya kwenda Iringa, fundi alituita mapema, mwezi wa Novemba, nyuma ya gereji. Alikuwa Msafwa wa milimani, mzee wa kanisa, kifua kipana, na mikono ambayo sabuni ilikwisha kuikatia tamaa.

“Sisi sauti hatuna,” alisema. “Tusidanganyane. Mdomo ndiyo iko.”

Nilisema nitaandika mchezo wa kuchekesha wa ofisi yetu wenyewe, siku ya Krismasi. Niliuandika kwa siku nne. Habari yake ilikuwa kwamba Yusufu na Mariamu wanakuja kwenye dirisha letu la tiketi kutafuta basi la Bethlehemu, na Karani Mkuu anawazuia kwa sababu ya karatasi. Sehemu ya Karani Mkuu tulimpa fundi. Mariamu alikuwa dereva wetu wa basi, mtu wa miraba minne mwenye ndevu, ambaye alikubali kwa sharti kwamba ndevu zibaki. Yusufu alikuwa konda wake, aliyemfika dereva kifuani. Na mimi nilijiandikia nafasi ndogo tu: karani kijana, mchapakazi, mwenye huruma na sura nzuri, ambaye mwisho wa mchezo anaunyakua muhuri, anawagongea wasafiri karatasi yao, na kuiokoa Krismasi. Niliona ni haki tupu.

Tulifanya mazoezi saa za mchana, ndani ya bodi la lori bovu, Karani Mkuu akiwa amekwenda msikitini kuswali adhuhuri. Fundi alijitengenezea miwani ya waya, kofia akaikata kwenye mpira wa tairi, na tatizo lake lilikuwa moja tu. Karani Mkuu wa kweli alikuwa na usemi wake, “Hii ni dhiki isiyo ya lazima.” Fundi kila akijaribu ilitoka “ziki,” na akijitahidi sana yalitoka mate.

Nami, kwa ile imani yangu, niliupiga mchezo wote chapa kwenye mashine ya ofisi, nakala tatu kwa kaboni. Mbili nilimpa fundi. Ya tatu niliitafuta kila mahali. Siku ya tatu ya kuitafuta, Karani Mkuu aliniita mezani kwake.

“Nimeikuta hii katikati ya hati za mizigo ya Makongolosi,” alisema, akanisukumia karatasi. “Kwa utaratibu, imepitia kwangu.”

Karatasi zilikuwa nyekundu. Penseli yake ilikuwa imepita kila mstari. Nilisubiri anifukuze kazi, lakini alikuwa akiweka miwani vizuri, na nilipoangalia kwa makini niliona kwamba alichosahihisha ni ngeli. Kila “cheti yake imepotea” na “viti imejaa” ilikuwa imenyooshwa. Pembeni aliongeza maneno yake. Pale ambapo Yusufu anasema mtoto bado hajazaliwa, alikuwa ameandika: “Hapa Karani Mkuu amwambie, basi leteni barua inayothibitisha kwamba hajazaliwa.” Na mwisho wa ukurasa: “Mhusika huyu hasemi vya kutosha. Aongezewe.”

“Nani anaicheza nafasi hii?” aliuliza.

“Fundi, Bwana.”

Alitafakari. “Fundi ni mtu mwema. Lakini hawezi kusema ‘dhiki’ hata akiwa ndani yake.” Kisha akaninyooshea kidole kwenye jina la karani kijana. “Na huyu ni nani?”

“Ni... mtu wa kubuni tu, Bwana.”

“Nimeona hivyo,” alisema, akarudi kwenye hati zake.

Kuna jambo moja zaidi la kusema kabla hatujasafiri. Kule Iringa dirisha la tiketi lilishikwa na dada mmoja, binti wa mganga msaidizi wa misheni, aliyesoma mpaka darasa la nane, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Lakini kila Alhamisi mfuko wa barua za ofisi ulipanda basi la Iringa, na katika mfuko huo nilikuwa nikimwandikia habari za idadi ya viti. Idadi ya viti haichukui mistari mingi. Kwa hiyo chini yake nilikuwa nikiuliza kama mvua imenyesha. Alinijibu kila mara, mstari mmoja: imenyesha, au haijanyesha. Niliamini kabisa kwamba jambo hili linajulikana na watu wawili tu duniani. Sikukumbuka kwamba mfuko ule ulifungwa kwa lakiri na Karani Mkuu, ambaye hakufunga kitu ambacho hakukisoma.

Tuliondoka Mbeya tarehe ishirini na nne, basi zima la wafanyakazi, isipokuwa fundi, aliyebaki kumaliza lori moja na kutufuata nalo kesho yake. Mvua za Desemba zilikuwa zimeanza. Tulisukuma basi mara mbili, na Karani Mkuu alikaa kiti cha mbele na sweta zake mbili, ingawa mwezi haukuwa wa sweta, akitukumbusha dirishani kwamba magurudumu “yanateleza,” si “inateleza.” Krismasi yenyewe tulisali Iringa. Kesho yake asubuhi Karani Mkuu alichinja ng'ombe wa tajiri mwenyewe kwa mkono wake, kama alivyofanya kila mwaka, ili pasiwe na Mwislamu wa kukaa pembeni na sahani tupu. Wanawake waliwasha moto, pilau upande huu, ugali upande ule, na wazee wa Kihehe walikuwa na mitungi yao ya ulanzi, pombe ya mianzi, chini ya kivuli cha ukuta.

Jukwaa lilikuwa malori mawili yaliyofunguliwa mbavu na kuegeshwa matako kwa matako katika banda la mabasi, na turubai mbele yake kuwa pazia. Watu walijaa. Kwaya ya Iringa iliimba tena, safari hii kwa sauti tano, sijui ya tano waliitoa wapi. Ilifika saa nane. Fundi hakuwa amefika. Saa nane na nusu dereva wa lori jingine alifika na habari.

“Lori la Mbeya limezama topeni Nyololo,” alisema. “Fundi wenu nimemwacha chini yake. Anasema mmsubiri.”

“Kwa muda gani?” niliuliza.

“Hakusema. Miguu tu ndiyo niliyoiona.”

Tajiri aligeuka kitini, na nilijua swali linalokuja. “Na Mbeya?”

Nilikuwa nyuma ya turubai, dereva amekwisha kufungwa kanga mbili na mto tumboni, konda ameshika fimbo ya Yusufu, na hatuna Karani Mkuu. Ndipo turubai lilipofunuliwa akaingia mwenyewe.

“Fundi hayupo,” alisema. “Nafasi yake utaicheza wewe, kwa kuwa uliiandika, unaijua.”

“Na yangu, Bwana? Ile ya karani kijana?”

“Yako nitaicheza mimi,” alisema, akinyoosha mkono. “Kwa kuwa naijua. Vua koti.”

Nilivua. Alinivisha kofia yake mwenyewe, ile ya kiua, na miwani yake, na mbele ya macho yangu yote yakawa ukungu. Sikumbuki kama nilimwona akivaa koti langu. Nakumbuka tu kwamba pazia lilipofunguliwa nilikuwa nimekaa mezani peke yangu, na watu wa Mbeya walioijua ile kofia walipiga ukelele kabla sijasema neno.

Mwanzo ulikwenda kama tulivyofanya mazoezi. Konda na dereva walipanda jukwaani, lori likainama kidogo upande wa Mariamu.

“Majina?” nilisema, kwa sauti ya puani.

“Yusufu, wa Nazareti. Na mchumba yangu.”

“Mchumba wangu.”

“Bwana, mbona unamtaka na wewe?”

Hilo halikuwa limeandikwa. Konda alilitoa kwenye kisa cha mama wa Chimala, na kundi lote la Mbeya liliangua kicheko. Nilisubiri watulie.

“Hapa imeandikwa abiria wawili. Mimi naona watatu.”

“Huyu hajazaliwa, Bwana Karani.”

“Atazaliwa kabla ya Nyololo au baada ya Nyololo? Lazima nijaze.”

“Hatujui, Bwana.”

“Basi leteni barua inayothibitisha kwamba hajazaliwa.”

Tajiri alikuwa akipiga goti lake. Mariamu alikaa chini akashika mgongo akaguna kwa sauti ya lori linalopanda Chunya. Sasa ilikuwa zamu ya karani kijana kuingia na huruma yake.

Hakuingia. Tulingoja. Nilimwita, “Karani!” kama ilivyoandikwa, na hakuja. Niliita mara ya pili. Ndipo alipotokea, taratibu, mikono ya koti imemfika kwenye kucha, akipiga miayo. Alisimama mbele ya kioo ambacho hakikuwapo, akatoa kitana, akachana upande wa kulia, akajitazama, akachana wa kushoto, akajitazama, na kisha akarudia wa kulia kwa kuwa haukumridhisha. Aliketi kwenye mashine ya chapa, akatoa karanga mfukoni, akazimenya, maganda yakaangukia ndani ya mashine. Aliipuliza. Akapiga herufi moja. Akapumzika.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Wale wa Mbeya walicheka kwa sababu walinijua, na wale wa Iringa walicheka kwa sababu wale wa Mbeya walikuwa wamelala chini. Mimi nilisimama na miwani yenye ukungu, masikio yanawaka. Mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye nilidhani hanitazami isipokuwa ninapokosea, alikuwa amenitazama mwaka mzima. Hata ile namna yangu ya kuvuta kiti kwa mguu aliijua.

“Karani!” nilisema. “Kuna abiria wanasubiri!”

“Nina barua ya haraka, Bwana,” alijibu, na sauti ilikuwa yangu, ya Tukuyu, na ile ya malaika ndani yake. Alianza kusoma huku akipiga chapa. “Kwa Karani wa Tiketi, Iringa. Kuhusu: Hali ya Hewa. Kwa heshima nyingi naomba kuthibitishiwa kama mvua imenyesha huko. Huku kwetu imenyesha, na nimeona si vizuri inyeshe upande mmoja tu.”

Watu waligeuka wakitafuta mtu kwa macho. Halafu kutoka safu ya tatu, kwenye kundi la wanawake wa ofisi, dada yule alisimama. Hakuinamisha uso wala kujifunika kanga.

“Ilinyesha, Bwana Karani!” alisema kwa sauti. “Jibu lako liko kwenye mfuko!”

Banda lilitaka kung'oka. Hata wazee wa ulanzi walisimama. Mimi nilitamani lile lori la Nyololo linifuate linizamishe.

Lakini kuna kitu kilinipata pale ambacho sikukitegemea. Mariamu alikuwa bado chini akiguna, Yusufu bado ameshika karatasi, na yule kijana wa koti, badala ya kuja kunyakua muhuri na kuokoa Krismasi kama nilivyomwandikia, alikuwa ameanza barua ya pili. Nilimwita tena. Alinionyesha kiganja: ningoje. Nikapandwa na hasira ya kweli. Haikuwa ya mchezo. Wale watu wawili walikuwa wanasubiri, basi lilikuwa linasubiri, kazi yote ilikuwa juu ya meza yangu mimi peke yangu, na huyu bwana mdogo anauliza habari za mvua!

“Hii,” nilisema, “ni dhiki isiyo ya lazima!”

Ilitoka sawasawa, ‘dh’ na yote. Niliuchukua muhuri mwenyewe, nikaugonga kwenye karatasi ya Yusufu kwa nguvu mpaka meza ikaruka.

“Nendeni!” niliwaambia. “Wote watatu! Utaratibu utawafuata nyuma!”

Watu walisimama wakapiga makofi. Konda alimwinua dereva, jambo lililochukua muda, na wakashuka jukwaani kwenda Bethlehemu kupitia upande wa masufuria ya pilau. Pazia lilipofungwa nilibaki nimeshika muhuri. Karani Mkuu alikuwa anakunja koti langu vizuri, mikono ndani.

“Ulisahau kutia tarehe,” aliniambia. Akachukua kofia yake kichwani kwangu, akaiweka mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona meno yake ya nyuma.

Tulikuwa katikati ya kula fundi alipofika. Alikuwa tope kutoka nyusi mpaka viatu, lakini kofia ya mpira ilikuwa kichwani na miwani ya waya machoni, maana alikuwa amevivaa njiani ili asipoteze wakati. Aliruka kutoka kwenye lori akapanda moja kwa moja jukwaani, akaikuta meza, akaketi.

“Majina!” alinguruma.

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Watu waligeuza sahani zao wakamtazama, na fundi aliucheza mchezo wote peke yake, sehemu zote nne, na kila “ziki” ilipigiwa makofi. Mpaka leo wako wanaosema ile yake ndiyo iliyokuwa bora.

Yule dada nilimkuta jioni, karibu na pale wanawake walipokuwa wakisugua masufuria kwa majivu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri ya kuomba radhi. Hakuyangoja.

“Barua zako nimezitunza,” alisema. “Ziko kwenye faili. Nimeandika juu yake ‘Mvua.’”

“Dada, naomba samahani kwa aibu ya leo.”

“Aibu gani? Mimi nilicheka.” Alifuta mikono. “Ila ukitaka kuuliza jambo jingine, uliza. La mvua tumelimaliza.”

Niliuliza, lakini si pale, kwa sababu ushujaa wangu ulikuwa umekwisha siku hiyo. Niliuliza Januari, kwa barua, kurasa tatu, bila kutaja kiti hata kimoja. Jibu lilichukua wiki sita. Liliandikwa kwa mashine, na utaratibu wake usingemfanya Karani Mkuu atoe penseli: alishukuru kwa barua yangu, aliisoma kwa makini, na alisikitika kwamba nafasi hiyo ilikwisha kuahidiwa kwa mwalimu mmoja wa Idodi. Alinitakia kila la heri. Chini, kwa mkono wake, aliongeza kwamba Iringa kunanyesha sana.

Nilikaa na barua ile siku nzima. Mfuko ulikuwa umepita kwa Karani Mkuu kama kawaida. Jioni aliniambia tu kwamba Idd ikifika niende kula kwake, akanitajia saa, akaniambia nisichelewe.

Nilikwenda. Nilitegemea nyumba ya vitabu na kimya. Nilikuta nyumba ya kelele, watoto na wajukuu wamejaa uani, na katikati yao mke wake, mama wa Kisafwa, mnene, mcheshi, aliyenikaribisha kwa lugha tatu kwa pumzi moja. Watoto walichanganya maneno kama mtu anayetia kila kitu chungu kimoja. “Lete ile sahani ingine,” alisema binti mkubwa, na baba yake alikuwa amekaa pale pale, penseli iko mfukoni, na hakufungua mdomo. Nilimtazama. Aliangalia mawingu.

Tulipoketi, aliomba maji kwa mkewe kwa Kisafwa, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Mama yule alishikilia kopo. “Sivyo,” alisema. Alimtamkia neno. Mzee alilirudia. “Sivyo,” alisema tena, na watoto wote walisogea kusikiliza. Alijaribu mara tatu, mtu aliyewasumbua abiria wa barabara nzima ya Iringa, shingo imenyooka, na ya tatu ndiyo iliyompatia maji.

“Miaka ishirini na mitatu,” aliniambia baada ya kunywa. “Bado ananiambia nasema kama mgeni.”

“Ni mgeni,” alisema mke wake, akiniongezea pilau. “Alikuja kwa wiki mbili.”

Krismasi iliyofuata zamu ilikuwa ya Iringa kuja Mbeya. Waliiacha kwaya nyumbani wakaja na mchezo, habari ya mbuzi aliyeandikishwa kwa bahati mbaya kama abiria wa daraja la kwanza. Aliyeuandika ni yule dada wa tiketi, sasa mke wa mwalimu, na mume wake alikuwa mbuzi. Nilikaa mbele, kati ya fundi na Karani Mkuu. Ulikuwa mzuri kuliko wetu. Fundi alilikataa hilo mpaka anastaafu, nami kwa ajili ya Mbeya sikulisema mbele ya watu. Karani Mkuu peke yake ndiye aliyekwenda nyuma ya pazia kumwambia, na alipokuwa akitoka nilimsikia akimwomba nakala, kama ipo, ili apitie ngeli.